Mkutano wa Great Loop kwenye Mto Tennessee: kufika, kufaidika na kutoka bila kukwama

Ifikapo Oktoba, boti nyingi zinazozunguka Great Loop zinakuwa zimejikusanya kwenye Mto Tennessee, na sababu yake ni ya kalenda. Great Loop ni mzunguko wa maili kama 6,000 (kilomita 9,600 hivi) upande wa mashariki wa Amerika ya Kaskazini: pwani ya Atlantiki, Mto Hudson, Mfereji wa Erie, Maziwa Makuu, Mto Illinois, Mississippi, Ohio, Tennessee, halafu mfereji wa Tennessee-Tombigbee hadi Mobile na Ghuba ya Meksiko. Msimu rasmi wa vimbunga vya Atlantiki huisha 30 Novemba, na kampuni nyingi za bima hazikubali boti ishuke pwani ya Ghuba kabla ya Novemba. Aliyetoka Chicago mwezi Septemba hufika Tennessee akiwa na siku za kusubiri. Ndani ya siku hizo chama cha wazungukaji, America's Great Loop Cruisers' Association kilichoanzishwa 1999, huitisha mkutano wake mkubwa. Kwa miaka mingi mahali pake pamekuwa Joe Wheeler State Park, karibu na mji wa Rogersville, jimbo la Alabama.

Mkutano huu una faida kubwa kwa anayeuendea kwa ajili ya njia iliyobaki mbele yake. Kula, kunywa na kucheka na wasafiri wenzako utavipata kwenye gati lolote la mto. Kitu adimu ni kukutana kwa pamoja na nahodha kadhaa wanaoelekea kule kule unakoelekea, mwezi huo huo, kwa mwendo unaolingana na wako. Mengine yote katika makala haya yanalenga hapo.

Kwanza ujue mkutano uko nje ya njia

Wengi hutazama ramani harakaharaka wakadhani Joe Wheeler ni kituo cha njiani. Sivyo. Tennessee unaingia Ohio pale Paducah, Kentucky, na maili za mto zinahesabiwa kutoka hapo kwenda juu. Bwawa la Kentucky liko maili 22.4, bwawa la Pickwick maili 206.7, na kona ya kuingia Tennessee-Tombigbee iko kama maili 215, ndani ya Ziwa Pickwick. Joe Wheeler iko juu kidogo tu ya bwawa la Wheeler, maili 274.9. Kwa hiyo ukifika kwenye kona unaiacha, unapanda maili 60 zaidi, na mkutano ukiisha unarudi kwa njia ile ile. Sehemu hii ya chini ya mto hutiririka kuelekea kaskazini, ndiyo maana unasafiri kwenda kusini huku mkondo unakupinga.

Kwa boti ya mwendo wa noti 7, yaani kilomita 13 kwa saa, kwenda na kurudi kilomita 193 ni saa 15 za injini. Injini inayokula lita 11 kwa saa itatumia lita 165. Kuna pia kupita loki mara nne. Kwa asiyezijua, loki ni chumba cha zege chenye milango mbele na nyuma: maji huingizwa au kutolewa, na chombo hupanda au kushuka pamoja nayo. Loki ya bwawa la Wilson hupandisha chombo karibu mita 28, na ya Wheeler kama mita 15. Boti za matembezi hazilipi chochote kwenye loki hizi. Gharama yake ni muda.

Hesabu tarehe kwa kurudi nyuma

Kosa la hatari zaidi kwenye mkutano huu hufanyika wiki mbili kabla haujaanza. Mtu ameshalipia, tarehe inakaribia, basi anaondoka asubuhi ndani ya ukungu au anatembea jioni kwenye Mississippi wakati magogo yanayoelea hayaonekani. Gogo moja likigusa rafadha, mkutano umekwisha kwako.

Kutoka Alton, Illinois, hadi Joe Wheeler ni takriban maili 525: kama 203 za Mississippi hadi mji wa Cairo, Illinois, 47 za Ohio hadi Paducah, na 275 za Tennessee. Kwa maili 50 kwa siku ni siku 10 hadi 11 za kutembea. Ongeza siku tano tupu kwa ajili ya loki, ukungu na upepo. Mississippi utakusukuma mbele na utaona umeokoa muda, lakini muda huo utauhitaji Ohio na Tennessee, unakopanda kinyume cha maji. Asiyeweza kuwa Alton wiki mbili na nusu kabla ya siku ya ufunguzi ni afadhali aende mkutanoni kwa gari. Mafuta yajazwe mapema: kutoka eneo la Alton hadi Paducah ni maili 250, na usitegemee kupata pampu katikati.

Ukifika Paducah una njia mbili za kuingia Ziwa Kentucky. Moja ni kupanda Tennessee moja kwa moja hadi loki ya Kentucky, ambako foleni ya matishari mara nyingi huchukua saa nyingi. Nyingine ni kuendelea na Ohio hadi mdomo wa Mto Cumberland, kupita loki ya Barkley, kisha kuvuka mfereji mfupi unaounganisha maziwa mawili. Njia ya Barkley inaongeza kama maili 20 na ina kona nyingi, lakini boti za matembezi huipendelea kwa sababu kusubiri kwake huwa kufupi. Tazama foleni ya loki kwenye tovuti ya Jeshi la Wahandisi la Marekani usiku wa kuamkia safari, ndipo uchague.

Ziwa Kentucky lenyewe hushushwa maji kila mwaka, kutoka futi 359 juu ya usawa wa bahari wakati wa kiangazi hadi 354 wakati wa majira ya baridi. Hiyo ni tofauti ya mita moja na nusu, na Oktoba zoezi linakuwa limeendelea. Kijighuba ambacho mwenzako alitia nanga Juni akiwa na mita mbili na nusu kinaweza kubaki na mita moja na kitu. Ingia polepole, soma kipima kina, na usiamini maoni ya kiangazi bila kutazama tarehe yake.

Loki ya Wilson ndiyo inayoamua

Chumba kikuu cha Wilson kina upana wa futi 110 na urefu wa 600. Septemba 2024 kilifungwa baada ya nyufa kuonekana kwenye milango yake, na vyombo vikahamishiwa kwenye loki ya akiba, yenye vyumba viwili vinavyofuatana, kila kimoja futi 60 kwa 300. Tishari la kawaida la mtoni lina futi 195 kwa 35. Kwenye futi 60 kwa 300 huingia tishari moja tu. Msafara wa matishari 15 lazima ukatwe vipande vipande na kuunganishwa upya upande wa pili, na ndipo foleni hufikia kuhesabiwa kwa siku. Kwa hiyo kabla ya kulipia chochote, soma matangazo ya usafiri wa maji ya Wilaya ya Nashville ya Jeshi la Wahandisi: chumba kipi kinafanya kazi, na kama boti za matembezi zimetengewa saa zao. Usikubali jibu la "mwaka jana tulipita vizuri".

Utaratibu wa kupanga vyombo nao ni wa kuzoea. Vya serikali na vya kijeshi kwanza, kisha vya abiria, kisha matishari, na boti za matembezi mwisho. Mwite msimamizi wa loki redioni ukiwa umbali wa maili mbili hivi, chaneli 16, kisha hamia chaneli atakayokupa. Sema jina la boti, unapanda au unashuka, na mko boti ngapi. Kama mko kundi, mmoja aseme kwa niaba ya wote. Msimamizi anayesikia "boti saba za matembezi, maili mbili chini yako, tunapanda" anaweza kuwapanga baada ya tagi moja (meli ndogo yenye nguvu inayosukuma matishari). Sauti saba tofauti zikimwita kila mmoja kwa wakati wake, atachoka na ninyi mtachelewa.

Kwa tagi zinazosukuma matishari tumia chaneli 13 na zungumza na nahodha wake kabla ya kumpita. Atakujibu kwa lugha ya filimbi, na kanuni ni moja tu: filimbi moja maana yake unamwacha upande wako wa kushoto, filimbi mbili upande wako wa kulia. Mkikutana uso kwa uso kwa filimbi moja mnapitana kushoto kwa kushoto. Ukimpita kwa nyuma kwa filimbi moja, unapita upande wake wa kulia. Hapo ndipo wageni huchanganyikiwa, kwa hiyo rudia alichokuambia kwa maneno kamili kabla ya kuongeza mwendo.

Ndani ya chumba kuna vyuma vya kufungia kamba vinavyoelea, vimo ndani ya mifereji ukutani na vinapanda pamoja na maji. Boti ya mita 9 hadi 15 inahitaji kimoja tu, katikati ya ubavu. Vaa jaketi okozi, ninyi nyote mlio juu ya boti, kabla mlango haujafunguka. Shusha fenda (mito ya kukinga ubavu) nne ubavuni, mbili zikiwa juu na mbili karibu na maji. Peleka kamba kutoka chuma cha katikati ya boti, izungushe kwenye chuma kinachoelea, irudishe kwenye chuma chako. Ncha hiyo ya pili ishikwe kwa mkono na mzunguko mmoja, isifungwe fundo. Sababu ni kwamba vyuma hivi mara nyingine hukwama kwenye mfereji wake. Ukiwa unashuka na kamba imefungwa, boti itaning'inia. Ukiwa unapanda, ubavu utavutwa chini ya maji. Kisu kikali kiwe karibu na anayeshika kamba, na masikio yawe kwenye mlio wa chuma: kikipanda kwa kukwaruza, legeza kamba uwe tayari. Ukishajifunga zima injini, moshi hauna pa kwenda ndani ya shimo la mita 28. Usifungue hadi honi ipigwe, na mtoke kwa mpangilio mlioingilia.

Chini ya mabwawa mkondo hubadilika kulingana na mitambo ya umeme. Mamlaka ya Bonde la Tennessee, TVA, huonyesha kwenye programu yake ya simu kiasi cha maji kinachotolewa kwa saa na kinachotarajiwa. Mitambo ikiwa wazi yote, boti nzito ya mwendo mdogo husota kwenye maili za mwisho kabla ya loki, na usukani unakuwa mzito. Ukiweza, panga kufika saa za maji machache.

Gatini

Usajili wa mkutano na nafasi ya gati huwa ni mambo mawili. Hakikisha una vyote viwili kwa maandishi, na kwamba urefu uliotoa ni wa boti nzima pamoja na nanga inayotokeza omo na kihori kinachoning'inia tezini. Anayetoa urefu wa kwenye karatasi za kiwandani humbana jirani yake. Fika siku moja au mbili kabla. Siku ya ufunguzi marina inapokea boti mfululizo, upepo ukivuma wote mnahangaika kwa pamoja, na wasaidizi wa kupokea kamba hawatoshi.

Umeme unastahili kufikiriwa. Nguzo ya ampea 30 kwa volti 120 inatoa kilowati 3.6 tu. Hita moja ya umeme ya wati 1,500 inakula ampea 12.5, kwa hiyo hita mbili pamoja na birika zinaangusha swichi. Boti yenye waya wa ampea 50 iwe na adapta ya kushukia ampea 30, na waya wa ziada wa mita 15, kwa kuwa nguzo haiko kila mara upande unaoutaka. Usiku wa Oktoba kaskazini mwa Alabama una baridi ya kutosha kuwafanya wote wawashe hita kwa wakati mmoja. Gusa plagi baada ya saa nzima ya matumizi: ikiwa ya moto, punguza mzigo na usafishe pini, kwa sababu plagi iliyoungua ndiyo chanzo cha moto mwingi gatini.

Tangi la maji taka litolewe kabla ya kuingia, si baada. Kwenye maziwa haya hairuhusiwi kumwaga maji ya choo yasiyosafishwa majini, na vali ya kutolea nje inatakiwa kufungwa kabisa. Foleni ya pampu wakati wa mkutano ni ndefu, na asubuhi ya kuondoka ni ndefu zaidi. Vyakula navyo uingie navyo, Rogersville si umbali wa kutembea na mifuko.

Siku za mkutano zitumie pia kwa boti yako. Fungua chujio la maji ya kupozea injini, maziwa ya Tennessee yana magugu maji na chujio huziba polepole bila kelele hadi joto la injini linapopanda. Kagua impela, gurudumu la mpira linalosukuma maji hayo. Halafu tazama anodi, vipande vya chuma vinavyoliwa na kutu badala ya rafadha na mhimili wake: waliokaa Maziwa Makuu kiangazi kizima mara nyingi wana za magnesiamu, zinazofaa maji yasiyo na chumvi. Baada ya Mobile unaingia maji ya chumvi, na huko magnesiamu huliwa haraka mno. Za alumini zinafanya kazi kote kuwili. Agiza mapema, na upange pa kuzibadilishia kabla ya Ghuba.

Ukae na nani, uulize nini

Mada za mkutano hupangwa kwa vipande vya njia, na kila kipande kina mzungumzaji aliyekipita. Usijaribu kuandika kila kitu. Andika vitu vinavyobadilika: pampu ya mafuta iliyofungwa, mchanga uliohama, loki inayotengenezwa. Vile visivyobadilika viko kwenye ramani.

Kwa boti nyingi kipande kinachofuata ni Tennessee-Tombigbee: maili 450 kutoka Ziwa Pickwick hadi Mobile, loki 12, ya kwanza ikiwa Jamie Whitten inayoshusha boti mita 25. Swali kuu hapo ni mafuta, hasa chini ya Demopolis, maili 216 kutoka Mobile, ambako vituo ni vichache mno. Muulize aliyepita mwaka huo huo, na upige simu mwenyewe kabla ya kukitegemea kituo chochote.

Swali la pili, na kwetu ndilo zito kuliko yote, ni kuvuka Ghuba. Kutoka Carrabelle hadi Tarpon Springs, miji yote miwili ya Florida, ni takriban maili 170 za bara, yaani kama 150 za baharini, usiku kucha bila ardhi kuonekana. Njia ya pili ni kufuata kona ya pwani kwa hatua za mchana, kwa mfano kupitia Steinhatchee, kama kina cha boti yako kinaruhusu maji machache. Wanaovuka usiku hupanga wasifike pwani kabla jua halijainuka. Msimu wa kaa wa Florida hufunguliwa 15 Oktoba, na maboya ya mitego yametapakaa upande wa mashariki. Jua likiwa chini mbele ya macho huyaoni, na kamba ya mtego ikijizungusha kwenye rafadha utazamia mwenyewe. Kwa noti 7 safari ni saa 21 na kidogo. Ukiondoka saa saba mchana unafika kama saa nne na nusu asubuhi.

Hapo ndipo unapohitaji wenzako, nao wanapatikana hapa Joe Wheeler. Tafuta boti tatu hadi tano, zisizidi, zenye mwendo unaotofautiana na wako kwa noti moja tu. Boti ya noti 7 na ya noti 15 haziendi pamoja hata kama wenyewe wamependana, mmoja atachoka kusubiri na mwingine atalazimisha injini. Kubalianeni mapema nani atasoma hali ya hewa, mawimbi ya urefu gani yatawafanya mkae, na kwamba kila nahodha ana haki ya kukataa siku hiyo bila kuombwa sababu. Bila sharti hili la mwisho kundi ni hatari kuliko kwenda peke yako, kwa kuwa watu hutoka wasipotaka, kwa kuona haya.

Chapisha kadi za boti kabla ya safari: jina la boti, majina yenu, simu, aina na urefu wa boti. Nyuma acha nafasi nyeupe. Ukipokea kadi ya mtu, andika hapo mwendo wake na tarehe anayotarajia kuwa Mobile, kwa sababu baada ya siku tatu nyuso zinachanganyika. Bendera ndogo ya chama nayo inakusomea mtu: nyeupe bado anazunguka, ya dhahabu amemaliza, ya platinamu amezunguka zaidi ya mara moja. Wenye dhahabu na platinamu ndio wa kuulizwa.

Kuna pia mchana wa kutembeleana boti kwa boti, ambapo wenye boti hufungua milango kwa wanaopanga kununua. Vua viatu, omba ruhusa kabla ya kupanda, usilete kundi la watu saba. Usimalize muda wako sebuleni. Omba uone chumba cha injini, uone mtu anavyofika kwenye impela na vichujio, ulizia lita kwa saa kwenye noti 7, na urefu wa boti juu ya maji. Kwenye mfereji wa Chicago kuna daraja lisilofunguka la futi 19.6, na boti isiyoweza kushushwa chini ya hapo haizunguki Great Loop.

Kuondoka

Siku baada ya kufunga, boti nyingi hutaka loki ya Wheeler saa moja asubuhi. Chagua moja kati ya mawili: ondoka na kundi la kwanza lililopangwa, lenye msemaji mmoja aliyeongea na loki jioni iliyopita, au kaa siku mbili zaidi uondoke kukiwa kumetulia. Kati ya Wheeler na Wilson ni maili 15.5 tu, kwa hiyo wenye kasi wakikimbia watasubiri wenzao mbele ya mlango wa Wilson. Msimamizi hapendi kujaza chumba mara mbili kwa kundi moja. Nendeni kwa mwendo wa aliye polepole.

Kama foleni ya Wilson haieleweki, au boti yako haijafika kwa wakati, acha boti kwenye marina ya Ziwa Pickwick au pale Florence chini ya bwawa, kodi gari, uende Rogersville kwa barabara. Kutoka Pickwick hesabu saa moja na nusu hivi. Utahudhuria mada, utakutana na wenzako wa kuvuka nao, na boti itakuwa tayari upande wa pili wa loki. Ukiamua hivyo, waambie waandaaji mapema kwamba gati lako liko wazi, kwani daima kuna boti iliyotia nanga nje ikisubiri nafasi.